Anaweza Kuutumia Mkono, Lakini Je, Huutumia? Kiswahili na Upimaji wa Matumizi ya Mkono Baada ya Kiharusi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna matumizi ya kila siku ya mkono yanavyopimwa miongoni mwa watu wanaopata nafuu baada ya kiharusi. Yanabainisha tofauti iliyopo baina ya kile ambacho mgonjwa anaweza kukitenda mbele ya mtaalamu na kile anachokitenda nyumbani kwake. Kwa kuwa tofauti hiyo aghalabu hugunduliwa kwa kumwuliza mgonjwa, makala yanadai kwamba usahihi wa kipimo hutegemea lugha ya swali. Sarufi, msamiati na adabu ya mazungumzo ya Kiswahili vimetumiwa kuonyesha kuwa kuandaa hojaji ya aina hii ni kazi ya mwanafunzi wa lugha kama ilivyo kazi ya mtaalamu wa tiba.

1.0 Utangulizi

Chukulia mfano wa mama wa makamo aliyepatwa na kiharusi kilichoulegeza mkono wake wa kulia. Baada ya miezi minne ya mazoezi, anafika kliniki. Mtaalamu wa tiba ya viungo anamwekea kipande cha mbao mezani na kumwomba akiinue akiweke juu ya rafu. Anakiinua. Anapewa kikombe, anakishika. Anapewa gololi, anaiokota, japo kwa taabu. Alama zinaandikwa, na kila mmoja aliyemo chumbani anafurahi.

Jioni ya siku hiyo mama huyo ameketi jikoni kwake. Mkono uleule uliookota gololi asubuhi umelala mapajani kama mgeni. Sukuma wiki inakatwa na binti yake, leso anafungwa na dada yake, na chai anainywa kwa mkono wa kushoto. Si kwamba mkono wa kulia umekataa kazi, haukuitwa kazini.

Je, mama huyu amepona au hajapona? Jibu la kliniki ni la kweli na jibu la jikoni ni la kweli vilevile, kwa kuwa majibu hayo mawili yanahusu mambo mawili tofauti. La kwanza linahusu uwezo, la pili linahusu matumizi. Mwaka 1979, watafiti Andrews na Stewart walilifanya suala hili kuwa anwani ya makala yao kuhusu wagonjwa wa kiharusi: waliuliza iwapo mgonjwa anayeweza kutenda jambo hulitenda kweli. Mwaka 2001, Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mfumo wa kuainisha utendaji, ulemavu na afya ambao unatenga bayana kile ambacho mtu anaweza kukifanya katika mazingira yaliyoandaliwa na kile anachokifanya katika mazingira yake halisi.

Swali linalozuka ni hili: kile kinachotendeka jikoni kitajulikana vipi na mtu ambaye hayumo jikoni? Sehemu zifuatazo zinalijibu swali hilo hatua kwa hatua.

2.0 Kiharusi na Mkono

Kiharusi hutokea wakati sehemu ya ubongo inapokosa damu. Mara nyingi donge huziba mshipa wa damu; mara nyingine mshipa hupasuka na damu kumwagika. Shinikizo la juu la damu ni miongoni mwa mambo makuu yanayomweka mtu katika hatari hiyo. Seli za ubongo zikikosa damu huanza kufa katika muda wa dakika chache, na kazi iliyokuwa ikifanywa na seli hizo husita.

Kwa kuwa nyuzi za neva zinazoongoza mijongeo huvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, kiharusi cha ubongo wa kushoto hudhoofisha mwili wa kulia, na kinyume chake. Mshipa unaozibwa mara nyingi ni ateri ya kati ya ubongo, ambayo hulisha eneo linaloongoza uso na mkono. Ndiyo maana wagonjwa wengi huanza kutembea ilhali mkono bado umelegea.

Kuna jambo jingine linalomhusu mwanafunzi wa lugha moja kwa moja. Kwa watu wengi, ubongo wa kushoto ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi ya lugha. Kwa hiyo mgonjwa aliyepooza mkono wa kulia ndiye aghalabu anayepatwa pia na afasia, yaani kuvurugika kwa uwezo wa kutamka, kutafuta neno au kuelewa sentensi. Mgonjwa huyu ndiye atakayeulizwa habari za mkono wake. Swali lenye utata, ambalo mtu mzima angelifumbua kwa urahisi, kwake ni ukuta.

3.0 Kujifunza Kutotumia

Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, alipendekeza maelezo ya pengo lililopo kati ya uwezo na matumizi. Katika tafiti zake za awali kwa kima, ambazo mwaka 1981 zilizua mzozo mkubwa kuhusu haki za wanyama, neva za hisi za mkono mmoja zilikatwa huku neva za mijongeo zikiachwa. Kima huyo aliacha kabisa kuutumia mkono ule. Hata hivyo, mkono mzima ulipofungwa kwa siku kadhaa, kima alianza kuutumia mkono aliokuwa ameutelekeza. Uwezo ulikuwapo, kilichokosekana ni mazoea ya kuutumia.

Taub aliita hali hii kutotumia kulikojifunzwa. Katika majuma ya mwanzo baada ya kiharusi, kila jaribio la mkono dhaifu huadhibiwa: kikombe huanguka, mchuzi humwagika, kazi huchelewa. Kila jaribio la mkono mzima hutuzwa: kazi hukamilika. Mgonjwa hujifunza kuuacha mkono dhaifu. Ubongo ukishapata nafuu baadaye, somo lile la mwanzo hubaki, na hakuna aliyemwambia mgonjwa kwamba limepitwa na wakati.

Kutokana na nadharia hiyo ilizuka tiba ya kuuzuia mkono mzima. Mgonjwa huvaa glavu nene katika mkono usio na ugonjwa kwa sehemu kubwa ya saa za kuwa macho, huku mkono dhaifu ukifanyishwa kazi kwa saa nyingi kila siku. Utafiti mkubwa wa tiba hii ulichapishwa nchini Marekani mwaka 2006. Ulihusisha watu 222 waliokuwa wamepatwa na kiharusi kati ya miezi 3 na 9 kabla ya kujiunga. Waliotibiwa kwa njia hii kwa majuma 2 walionyesha nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida, na tofauti hiyo ilionekana hata baada ya mwaka mmoja. Utafiti huo ulipima mambo mawili kwa vyombo viwili: uwezo wa mkono na matumizi yake nyumbani.

4.0 Vipimo vya Uwezo

Vipimo vya uwezo hufanywa mbele ya mtaalamu. Vitatu vinajulikana sana.

(a) Kipimo cha Fugl-Meyer, kilichochapishwa nchini Uswidi mwaka 1975. Sehemu yake ya mkono ina vipengele 33. Kila kimoja hupewa alama 0, 1 au 2, na jumla ya juu kabisa ni 66. Hupima iwapo bega, kiwiko, kifundo na vidole vinaweza kujongea kila kimoja kwa namna yake.

(b) Kipimo cha Lyle cha mwaka 1981, kinachojulikana kwa kifupi kama ARAT. Kina vipengele 19 vinavyohusu kukamata, kushika, kubana kwa ncha za vidole na mijongeo mikubwa ya mkono. Kila kipengele hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 57.

(c) Kipimo cha Wolf, chenye kazi 17. Kazi 15 hupimwa kwa saa, ambapo mgonjwa hupewa hadi sekunde 120 kukamilisha kila moja, na 2 hupima nguvu.

Vipimo hivi ni imara kwa sababu mtaalamu anaona kwa macho yake. Udhaifu wake ni kwamba vinajibu swali la uwezo pekee. Katika utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2017, wagonjwa waliopewa mazoezi mengi ya kazi mahususi walipanda katika kipimo cha uwezo, lakini vifaa walivyovaa mikononi havikuonyesha ongezeko la matumizi katika maisha yao ya kila siku. Mtaalamu anayetegemea kipimo cha uwezo peke yake anaweza kumruhusu mgonjwa aondoke akiamini kazi imekwisha, ilhali nusu yake ya pili haijaanza.

5.0 Vipimo vya Matumizi

Ili kuyafikia matumizi ya nyumbani kuna njia kuu mbili: kumwuliza mgonjwa, au kumvisha chombo.

5.1 Kuuliza

Chombo mashuhuri cha kuuliza ni hojaji iliyoundwa na Taub na wenzake katika Chuo Kikuu cha Alabama kilichoko Birmingham, ambayo kwa kifupi huitwa MAL. Toleo lake refu lina shughuli 30: kuwasha taa, kufungua droo, kunawa mikono, kuvaa soksi, kufunga vifungo vya shati, kutumia ufunguo, kuchana nywele, kushika kikombe na kadhalika. Kuna pia matoleo ya shughuli 28 na 14. Kwa kila shughuli, mgonjwa huulizwa mambo mawili: aliutumia mkono dhaifu kwa kiasi gani katika kipindi mahususi, kwa mfano wiki iliyopita, na mkono huo ulifanya kazi kwa ubora gani.

Majibu hupangwa katika mizani ya 0 hadi 5. Katika mizani ya kiasi, 0 ni kutoutumia kabisa, 3 ni takriban nusu ya matumizi ya kabla ya kiharusi, na 5 ni sawa na zamani. Iwapo mkono haukutumika, mgonjwa huulizwa sababu. Huenda alitumia mkono mzima peke yake, huenda mtu mwingine alimfanyia, au huenda hakuwa na fursa ya kuifanya shughuli hiyo. Aidha, yupo mlezi anayeweza kuulizwa maswali hayohayo kando, na majibu yake kulinganishwa na ya mgonjwa.

5.2 Kuvisha chombo

Akselerometa ni kifaa kidogo mfano wa saa ya mkononi kinachorekodi mijongeo. Mgonjwa huvaa viwili, kimoja katika kila kifundo, na muda ambao mkono mmoja ulijongea hulinganishwa na wa mwingine. Utafiti wa mwaka 2013 kuhusu watu wazima wasio na ugonjwa ulionyesha kwamba mkono wanaoutegemea ulijongea kwa takriban saa 9 kwa siku, na mwingine kwa takriban saa 8 na nusu. Uwiano wake ni kama 0.95. Matokeo haya yanasahihisha dhana ya kawaida kwamba mkono wa pili ni mvivu. Katika maisha ya kila siku, mikono miwili hufanya kazi bega kwa bega.

Hata hivyo, kifaa hiki hakijui mkono unafanya nini. Mkono unaoning'inia na kuyumba mtu anapotembea huhesabiwa kuwa umejongea. Mkono uliotulia kwa kushikilia sufuria imara huhesabiwa kuwa umelala. Kwa hiyo chombo hakikuondoa haja ya swali. Kimeonyesha tu kwamba swali halina budi kuulizwa vizuri.

6.0 Swali Linapoulizwa kwa Kiswahili

6.1 Mkono ni nini?

Neno "mkono" katika Kiswahili huanzia begani na kuishia ncha za vidole. Lugha ya hojaji asilia ina maneno mawili kwa eneo hilo, moja la kiungo kizima na jingine la sehemu ya mwisho inayoshika. Mgonjwa mwenye bega lililorudi lakini vidole vilivyokunjamana akiulizwa kama mkono wake unatenda kazi, anaweza kujibu ndiyo au la, na majibu yote mawili yakawa sahihi. Fauka ya hayo, mkono ni sehemu ya vazi pia, hivi kwamba sentensi "Uliingiza mkono katika mkono wa shati?" si kichekesho bali ni kipengele cha kawaida cha kuvaa.

Kiswahili hakikosi maneno. Kipo kiwiko, kigasha, kifundo, kitanga, kiganja, kidole gumba, kidole cha shahada. Lililo muhimu ni kutaja sehemu palipo na haja, na kumgusa au kumwonyesha mgonjwa mkono unaozungumziwa kabla ya swali la kwanza.

6.2 Kulia na kushoto

Jina "mkono wa kulia" limebeba kazi ndani yake: ni mkono wa kulia chakula, kitenzi "kula" kikiwa katika kauli ya kutendea. Wapo wanaouita mkono wa kuume. Kwa jamii nyingi zinazotumia Kiswahili, hasa za pwani, mikono miwili haibadilishani kazi kiholela. Wa kulia hula, hupokea, hutoa na husalimia. Wa kushoto hujisafisha baada ya haja.

Hivyo basi, athari ya kiharusi haiko sawa pande zote mbili. Aliyepooza mkono wa kulia anaweza kuona haya kula kwa kushoto mbele ya wageni, akaamua kula peke yake au kulishwa. Aliyepooza wa kushoto anaweza kuonekana hana shida yoyote katika hojaji iliyojaa shughuli za mezani, ilhali jambo linalomnyima usingizi ni lile la msalani ambalo hakuna aliyemwuliza. Hapa tafsida ya Kiswahili ni msaada mkubwa. Mzee anayeulizwa kwa upole namna anavyojisitiri au anavyotawadha atajibu. Akiulizwa kwa neno kavu atanyamaza, na kimya chake kitaandikwa kuwa hakuna tatizo.

6.3 Kuweza, kuzoea na kutenda

Tofauti kati ya uwezo na matumizi inaonekana katika kitenzi chenyewe. Linganisha:

(i) Unaweza kufungua mlango kwa mkono huu?
(ii) Huwa unafungua mlango kwa mkono huu?
(iii) Tangu Jumatatu iliyopita, ulifungua mlango kwa mkono huu?

Swali la (i) ni la kliniki. Likiingia katika hojaji ya matumizi huiharibu yote, kwa kuwa linapima kile ambacho tayari kimepimwa. Swali la (ii) linaonekana kufaa, lakini mazoea hayana mpaka wa wakati. Mama aliyepika kwa miaka thelathini atasema "Mimi hupika", na atakuwa anasema kweli kuhusu maisha yake, si kuhusu wiki yake. Swali la (iii) ndilo linalofaa: lina kiambishi cha wakati uliopita na mpaka unaojulikana.

Kiambishi "hu-" kina hatari nyingine. Katika mazoea hakibadiliki kwa nafsi, na umbo lake hukaribiana na kikanushi cha nafsi ya pili umoja. "Mkono huu mgonjwa huutumia" na "Mkono huu huutumii" zinatofautiana katika irabu ya mwisho ya kitenzi, lakini maana zinapingana. Kwa mzee asiyesikia vyema au mgonjwa mwenye afasia, irabu hiyo moja ni uzi mwembamba mno wa kubebea alama za kitabibu.

Maswali ya kukanusha nayo yaepukwe. Mgonjwa akiulizwa, "Hukuutumia mkono huu?" akajibu "Ndiyo", kwa mazoea ya Kiswahili amekubali kwamba hakuutumia. Mtaalamu aliyezoea kufikiri kwa lugha nyingine anaweza kuandika kinyume chake.

6.4 Kauli zinazomfichua na kumficha mtendaji

Mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili ni kipimo kilichokwisha kutengenezwa. Anayejitegemea hula, hunywa, huvaa na huoga. Anayetegemea wengine hulishwa, hunyweshwa, huvishwa na huogeshwa. Mtafiti anayesikiliza mazungumzo huru ya mgonjwa na jamaa zake atasikia vitenzi hivi vikipishana, na kila kitenzi kilichobadilisha kauli ni habari kuhusu mkono.

Kwa upande mwingine, watu huilinda heshima yao. Aliyelishwa anaweza kusema "Nimekula", na hajadanganya. Kauli ya kutendeka huficha zaidi: "Vifungo vilifungika" haisemi vilifungwa na nani. Dawa yake ni kufuatisha swali la pili lisilo na lawama: "Kwa mkono upi?" au "Nani alisaidia?"

Tofauti ya "kushika" na "kushikilia" nayo ina thamani kubwa. Anayekata sukuma wiki hushika kisu kwa mkono mmoja na kushikilia majani kwa mwingine. Mkono dhaifu unaoshikilia majani umetumika. Mgonjwa akiulizwa kama alikata mboga kwa mkono huo atasema la, na kazi halisi ya mkono ikapotea bila kuandikwa.

6.5 Shughuli zenyewe

Orodha ya shughuli 30 inazungumzia jokofu, rimoti ya televisheni, kushuka garini, uma, na kula kipande cha sandwichi. Katika nyumba nyingi za mijini vitu hivyo vipo. Katika nyumba nyingine havipo, au vipo na mgonjwa hakuwahi kuvigusa hata kabla ya kiharusi. Shughuli ambazo mgonjwa hakuwa na mazoea nazo hazipaswi kuhesabiwa dhidi yake. Lakini zikiondolewa nyingi, wastani hubaki ukisimama juu ya mambo machache, kama paa juu ya nguzo mbili.

Suluhisho ni kutafuta shughuli za mahali, kwa sharti kwamba ulinganifu utafutwe katika mjongeo, si katika kitu. Kuzungusha kitasa kunahusu kugeuza kigasha. Mjongeo huo unapatikana katika kukamua nguo au kufungua kifuniko cha chupa. Kubonyeza rimoti kunakaribiana na kubonyeza simu, kitendo ambacho tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 ndicho njia ya wengi ya kutuma na kupokea fedha. Kuweka kumega ugali mahali pa kula sandwichi kunahitaji tahadhari. Anayekula ugali humega, hufinyanga tonge kwa ncha za vidole, hulibonyeza kwa kidole gumba, kisha huchotea mchuzi. Huo ni mfululizo wa mijongeo miembamba kuliko kushikilia mkate. Kusonga ugali nako ni kazi ya nguvu na ya mikono miwili, na si kila mwanamume huulizwa habari zake bila kushangaa.

6.6 Mizani na adabu

Sehemu za mizani zinaafikiana na Kiswahili cha sokoni: nusu na robo tatu ni maneno ambayo kila anayenunua sukari anayajua. Ugumu uko katika alama 1 na 2. "Mara chache sana" na "mara chache" hutatanisha. "Mara moja au mbili tu katika wiki nzima" na "mara mojamoja" huenda zikaeleweka zaidi, mradi zijaribiwe kwanza kwa wagonjwa.

Hatimaye kuna adabu ya salamu. Mswahili akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo", hata akiwa kitandani. Akiulizwa habari hujibu "Njema" kabla ya kueleza msiba. Hojaji inayoanza na "Habari ya mkono?" itapokea jibu la salamu, na mtafiti ataliandika kuwa jibu la utafiti. Kwa hiyo salamu zitolewe kwanza, kwa ukamilifu na bila haraka, ndipo maswali yaanze. Mgonjwa aelezwe pia kwamba jibu la "hapana" halimkosei mtu wala halimvunji moyo aliyemtibu.

6.7 Kuijaribu tafsiri

Mwongozo unaotumiwa sana wa kuhamisha hojaji za afya kutoka lugha moja hadi nyingine, uliochapishwa na Beaton na wenzake mwaka 2000, unapendekeza watafsiri wawili, tafsiri rejeshi, kamati ya wataalamu na majaribio kwa wagonjwa. Tafsiri rejeshi peke yake haitoshi. Mtafsiri hodari atalirudisha neno "mkono" katika lugha asilia kwa usahihi, kwa sababu anajua muktadha; utata uliomkabili mgonjwa hautaonekana katika karatasi. Kitakachoufichua ni kumwomba mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoulizwa. Jibu lake la kwanza ndilo uhakiki wa tafsiri.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uwezo wa mkono na matumizi yake ni mambo mawili, na kwamba la pili hufikiwa kwa swali. Swali likikosewa, hasara haiishii katika takwimu. Mgonjwa ambaye mkono wake umelala mapajani anaweza kuachishwa mazoezi kwa kuwa alijibu "Naweza". Mwingine anayeushikilia mchicha kila jioni kwa mkono dhaifu anaweza kuambiwa hajaendelea, naye akakata tamaa.

Kazi iliyopo kwa idara za Kiswahili ni bayana: kukusanya vitenzi vya mkono jinsi vinavyotumika majumbani na mashambani, kuchunguza namna wagonjwa wanavyoyaelewa maswali ya wakati na mazoea, na kuketi na wataalamu wa tiba kabla hojaji haijachapishwa, si baada yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Yule mama wa mfano hahitaji kuulizwa kama anaweza. Baada ya salamu, aulizwe: "Mama, tangu Jumatatu iliyopita, ulipokula ugali, ulimega kwa mkono upi?" Ataangalia mikono yake miwili kabla ya kujibu, na hapo ndipo kipimo kitakapoanza.